Sahani Mbili za Mama Delima

Ni mwaka mzima sasa, Mama, tangu uliposema "nileteeni chai" na chai ikapoa bila kuguswa. Kikombe tulikiosha siku ya nne, moto wako wa msiba ulipozimwa. Hakuna aliyetaka kukiosha mapema, na hakuna aliyetaka kusema kwamba hataki.

Anayeandika ni Loretta, mwanao wa kwanza, kwa niaba ya wote. Clifford amekaa mkabala nami, anakunywa kahawa yangu na kunihesabia maneno. "Kumbukumbu ya gazetini ni mistari mitano, dada," ananiambia. "Jina, tarehe, tunakukosa, basi." Nimemwambia wewe hukuwahi kumaliza mistari mitano hata kuuliza nani kaacha mlango wazi. Ameacha kuhesabu, lakini kahawa hajairudisha.

Ulikuwa na mkono wazi na mdomo mkali. Mtu akiingia kwako ulimlisha kwanza, ndipo umuulize kilichomleta, na hata polisi waliokuja kumuulizia Clifford kuhusu ile boti iliyopotea waliondoka na supu ya samaki kwenye chupa. Uliimba ukipara samaki, ukakosea maneno ya kila wimbo, na ukisahihishwa uliimba kwa nguvu zaidi. Miaka ishirini na sita ulipika katika shule yetu ya hapa kijijini Waabigan. Hakuna mtoto aliyekuja dirishani kuomba aongezewe ukamnyima. Mwalimu mkuu alikuandikia barua mara mbili kwamba chakula kina vipimo, na barua zote mbili ulizitumia kuwashia jiko.

Sisi tulijua sababu. Wewe na kaka yako Isidore na mdogo wenu Wilfred, mliyemwita Bineshi, yaani kandege, mlichukuliwa kwa amri ya serikali mkapelekwa shule ya bweni ya kanisa kule kusini mwa ziwa, kama walivyochukuliwa watoto wote wa hapa wakati ule. Mlikatazwa lugha yenu. Mlilishwa uji mwepesi huku mkate na siagi vikipita mbele ya pua zenu kwenda kwa walimu. Wasichana walikaa upande wao na wavulana upande wao, katikati uzio wa waya, ndugu wakionana kanisani tu, kwa mbali. Mlikwenda watatu, mkarudi wawili. Bineshi alikuwa na miaka saba.

Jumapili moja ya baridi hukumwona kwenye benchi lake kanisani. Ulikwenda kwenye uzio ukamwita Isidore, ukamuuliza, "Kaka, Bineshi yuko wapi?" Akasema, "Sijui." Ulikuwa na miaka minane, yeye kumi na moja. Ulimuuliza tena mlipokuwa watu wazima, ukamuuliza tena mlipokuwa na mvi. Jibu lilikuwa lile lile.

Kwa hiyo kuna mambo mawili uliyoyataka hapa duniani, na tunayasema wazi kwa sababu wewe mwenyewe hukuwahi kuyaficha. Ulitaka kujua Bineshi amelala wapi. Na ulitaka Isidore aje akae mezani kwako tarehe thelathini Septemba. Ulikufa hujapata hata moja.

Meza ile uliianzisha mwenyewe. Nchi nzima ilipoanza kuvaa fulana za rangi ya chungwa kila tarehe thelathini Septemba, kuwakumbuka watoto wa zile shule, watu wa mjini Carrick, ambao si wa kabila letu, walituma ujumbe kwamba wangependa kuja kusimama nasi. Ulisoma ujumbe ule jikoni, miwani puani. "Kusimama?" ukasema. "Wakisimama tu watatuziba njia. Waambie waje kuosha vyombo."

Wengi walidhani ni utani. Meya alikuja na hotuba ya kurasa tatu na suti ya kijivu. Ulimpokea mlangoni, ukapokea na hotuba, ukaiweka juu ya friji, ukamfunga aproni. "Mwanangu," ukamwambia, "sisi tulipokuwa watoto tuliosha vyombo vya watu mia mbili kila siku, na hatukuwahi kuhutubiwa vizuri. Leo sisi tunakaa. Maji ya moto yako pale." Akaosha mpaka vidole vikakunjamana. Mwaka uliofuata alirudi bila suti na bila hotuba, na mkewe.

Ndivyo ilivyokuwa miaka kumi na moja. Waliorudi kutoka shule ile walikaa, wakaletewa nyama ya mooz, yule kulungu mkubwa wa huku, iliyochemshwa taratibu, mchele wa ziwani, samaki, na mkate wetu wa kikaangoni, wakala mpaka wakasema basi. Hakuna aliyeruhusiwa kuinua hata kijiko chake kukipeleka jikoni. Mzee Ernestine alipojaribu kuondoa sahani yake kwa mazoea, ulimpiga kofi mkononi mbele ya watu. Watu wa mjini walimenya viazi, wakabeba, wakaosha, wakasikiliza kilichosemwa mezani bila kuulizwa maoni. Noreen Tupper, yule dereva mstaafu wa basi la wanafunzi, alikuja miaka yote kumi na moja na glavu zake za waridi, na ni yeye tu uliyemruhusu akusahihishe nyimbo.

Na kila mwaka, upande wako wa kulia, ulitandika sahani mbili ambazo hazikuwa na mtu. Ya Bineshi na ya Isidore. Ulizijaza sawa sawa, nyama kwa nyama, mkate kwa mkate. Kisha ukatazama mlango, na ukajifanya huutazami.

Mjomba Isidore anaishi peke yake ng'ambo ya ghuba, katika kibanda alichojenga mwenyewe, ambako simu hazishiki. Watu husema ni mkavu. Wewe ulisema ni mkaidi, na kwamba ukaidi umemkaa mifupani tangu tumboni mwa bibi. Lakini kila jioni saa kumi na mbili kamili uliwasha redio ya upepo iliyo juu ya sinki, ukabonyeza, ukasema, "Isidore, bado upo?" Redio inakwaruza. Halafu sauti yake: "Bado nipo." Basi. Miaka thelathini, maneno manne. Baba alikuwa akisema ni ndoa bora kuliko yake.

Siku tulipokuzika Mjomba alikuja, akasimama nyuma kabisa, akatia motoni tumbaku yake ya kukuaga, akaondoka kabla ya chakula. Hatukushangaa. Hatukuwahi kumwona akila na mtu tangu sisi tuwe na akili. Tulikuwa tukidhani ana aibu ya meno.

Baada ya hapo saa kumi na mbili ilikuwa saa mbaya. Haya ameniambia mwenyewe mwaka huu, kidogo kidogo. Aliendelea kuwasha redio. Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akaisikiliza ikikwaruza nusu saa nzima, akazima. Akapika maharage, akala amesimama. Majira ya baridi yalipofunga ghuba alipita wiki tatu bila kusikia sauti ya mtu, na siku moja akajaribu kusema jina lake kwa sauti ili aone kama koo bado linafanya kazi. Lilitoka kama la mtu mwingine. Alikaa kitandani akalia, mzee wa miaka sabini na tisa, kwa sababu hapakuwa na mtu duniani wa kumuuliza kama bado yupo.

Tulikuwa na boti, Mama, na wakati wa barafu tulikuwa na pikipiki ya theluji. Tulikuwa na redio ile ile juu ya sinki. Hakuna hata mmoja wetu aliyeibonyeza. Tuliogopa kukaa mahali pako, na tukaliita woga wetu heshima. Nakuomba radhi kwa hilo kabla sijaendelea.

Mwezi wa nane mwaka huu tulikaa kupanga chakula, cha kwanza bila wewe. Noreen alikuja na daftari. Mimi nikataja watu wa kukaa, Clifford akataja kuni, maana moto ni kazi yake tangu mwaka wa kwanza. Chakula cha waliotangulia hupita mkononi mwake kwenda motoni, na jina linatajwa, na aliyetajwa anakula huko aliko.

"Sahani za motoni mwaka huu tatu," Clifford akasema. "Ya Mama, na zile mbili."

"Zipi mbili?" nikamuuliza.

"Zile mbili za siku zote. Zilizo upande wa kulia wa Mama."

Nikaweka kalamu chini. "Clifford. Moja ni ya Bineshi. Nyingine ni ya Mjomba."

"Mjomba yupi?"

"Una wajomba wangapi? Isidore!"

Uso wake ulikwisha damu. "Mjomba Isidore mzima?"

"Mzima! Jana kanunua petroli!"

"Lakini Mama aliziweka pamoja," akasema, sasa anasimama. "Zimejazwa sawa, hazina watu, chakula kinapoa. Nani aliniambia? Mlisema 'peleka sahani zisizo na watu.' Nikapeleka! Zote!"

"Na jina ulitaja la nani?"

Akashika kichwa. "Nilisema, 'Kwa ndugu za Mama.'"

Noreen alifunga daftari polepole. Akasema, "Mimi nilidhani ndivyo inavyotakiwa."

Miaka kumi na moja, Mama, mwanao alimlisha kaka yako pamoja na wafu. Hapa kwetu hilo si jambo dogo. Kumtilia mtu chakula motoni ni kumwita aje ale upande ule. Sisi wawili bado tunabishana. Clifford anasema uliona, ukaacha. Mimi nasema ungeona ungemfukuza na mwiko kuzunguka ukumbi mara tatu.

Ilimpasa aende kukiri mwenyewe. Alinunua tumbaku, ambayo kwetu ndiyo anayopewa mzee anayeombwa jambo, akavaa shati la kola, akavuka ghuba na boti asubuhi. Mjomba alikuwa nje anatengeneza wavu. Clifford akamwekea tumbaku mapajani, akamweleza yote, macho chini.

Mjomba akaigeuza ile tumbaku mkononi. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na Clifford akadhani ni kilio.

"Yaani wewe," Mjomba akasema, akijifuta macho, "umenizika miaka kumi na moja na hujanialika mazishini?"

"Mjomba, nisamehe."

"Kumbe ndiyo maana kila mwezi wa kumi tumbo linaniuma! Nakula mara mbili! Nyama ilikuwa ya nani, ya Ernestine? Huwa anazidisha chumvi."

"Ya Mama, mjomba."

"Ah." Akacheka tena kidogo. "Basi kwa mtu aliyekufa, nimekula vizuri."

Akarudia wavu wake, akafunga fundo moja, akafunga la pili. La tatu halikufungika. Mikono ilikuwa imesimama.

"Sahani hizo," akasema bila kumtazama. "Ulizipeleka moja moja?"

"Hapana, mjomba. Pamoja. Moja mkono huu, moja huu. Nazimimina mahali pamoja."

"Mahali pamoja."

"Ndiyo."

"Yangu na ya Bineshi."

"Ndiyo, mjomba. Nisamehe."

Mjomba aliyatazama maji. Clifford anasema alizeeka pale pale, kwenye kigogo, na anasema pia kwamba alionekana kijana, na nimemwambia achague moja, amekataa. Hatimaye Mjomba alimuuliza swali ambalo Clifford hakulielewa mpaka siku ile ya chakula. Aliuliza, "Wewe unadhani alikula nami?"

"Nani, mjomba?"

"Basi. Nenda. Boti yako inavuja."

Tarehe thelathini Septemba ukumbi ulijaa. Watu wa Carrick walikuja mapema, meya mwenyewe ndiye aliyekuwa anamenya viazi, ananenepesha maganda kama kawaida yake, na hakukuwa na mtu wa kumgombeza. Tulitandika sahani yako mahali pako na shali yako ya buluu juu ya kiti. Kulia kwako tukatandika zile mbili. Ya Mjomba niliijaza mwenyewe. Nilikuambia kimoyomoyo kwamba natandika kwa sababu wewe ulitandika, wala sikutegemea kitu.

Waliorudi waliketi. Mwaka wa kwanza walikuwa kumi na tisa, sasa wamebaki saba. Ernestine alikuwa anaanza sala mlango ulipofunguka, baridi ikaingia, na hakuna aliyesema funga mlango, kwa sababu aliyekuwa anasema hayo ni wewe.

Alikuwa amenyoa. Alikuwa amevaa koti la marehemu baba yenu, lile lenye mikono mifupi, na kofia ameishika kwa mikono miwili. Haya pia ameniambia: alipoona meza ile, na watu wanabeba trei, miguu ilitaka kurudi kwenye boti. Ilikuwa ile harufu ya mkate. Miaka sitini na minane hakukaa mahali ambapo mtu anapita na trei ya mkate. Si ukaidi, Mama. Hakuweza tu.

Alipiga moyo konde, akatembea mpaka upande wako. Hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti chake, akaitazama shali yako.

"Delima," akasema. "Nimekuja. Usianze."

Ernestine akacheka, halafu akaziba mdomo.

"Uliniuliza pale kwenye uzio, nikasema sijui. Ukaniuliza mama yetu alipokufa, nikasema sijui. Ukaniuliza ule mwaka tulipokwama kisiwani na mvua, usiku kucha unaniuliza wewe, nikasema sijui." Akashika mgongo wa kiti. "Nilikuwa najua."

Jikoni maji yalifungwa.

"Mimi walinipa kazi ya kubeba mkate wa walimu. Toka tanuri mpaka mezani kwao. Ilikuwa kazi nzuri, yenye joto. Siku hiyo Bineshi alikuwa mlango wa nyuma, hana kofia. Amekonda. Akaniambia kwa lugha yetu, 'Kaka, nipe kidogo. Hata ganda.' Na msimamizi alikuwa nyuma yangu, mwenye mkanda. Kwa hiyo nikamwambia kwa Kiingereza, 'Sielewi unachosema.'"

Tukadhani amemaliza.

"Ndugu yangu. Nikamwambia simwelewi. Na yeye akaamini, Delima. Alidhani nimesahau kweli. Hakukasirika. Akarudia polepole, neno moja moja, kama unavyomwambia mgeni. Akanionyesha na mkono, hivi, mdomoni, ili nielewe." Mjomba aliinua mkono wake akatuonyesha, vidole vimekusanyika midomoni. "Mimi nikapita."

Noreen alikuwa mlangoni mwa jiko na glavu zake zinachuruzika maji sakafuni.

"Wiki ya tatu wakamlaza. Kifua. Sikuruhusiwa kuingia. Halafu nikasikia seremala anapiga misumari, na sanduku lilikuwa fupi. Walimpeleka nyuma ya shamba la viazi, upande wa maji, kwenye miti mitatu ya magome meupe. Niliwaona kutoka dirishani, trei yangu mkononi. Nilijua mahali siku zote. Lakini ningekuonyesha mahali, ungeniuliza neno lake la mwisho kwangu lilikuwa lipi. Wewe huachi kuuliza. Ndiyo maana nikakwambia sijui. Nilikunyima na wewe. Nimewanyima wote wawili."

Hapakuwa na mtu aliyejua la kufanya, Mama. Hata Ernestine. Ungekuwepo ungesema jambo, pengine jambo kali, na tungepumua. Kiti chako kilikaa kimya na shali yake. Sijawahi kukukosa kama dakika ile, na nilikukosa kwa hasira, kwa sababu jibu ulilolingoja maisha yako yote lilikuwa limesimama kando ya sahani yako na wewe hukuwepo kulisikia.

Mjomba akauchukua mkate uliokuwa kwenye sahani yake. Akaukata vipande viwili, akavitazama, akachagua kilicho kikubwa, akakiweka kwenye sahani ya Bineshi. Akaibeba sahani ile. Kila mtu alinyanyuka kumsaidia na hakuna aliyethubutu. Clifford alimtangulia tu kumfungulia mlango.

Nje alisimama mbele ya moto. Clifford alikuwa karibu, akasikia. Mjomba alisema kwa lugha yetu, lugha ambayo sisi watoto wa dada yake hatujamsikia akiizungumza hata siku moja, "Kula, mdogo wangu. Nimekuelewa. Nilikuelewa tangu mwanzo." Akamimina, na moshi ukamwendea usoni, hakuukwepa.

Alirudi akaketi. Sahani yake ilikuwa imepoa. Meya alitaka kumbadilishia, Noreen akamvuta aproni kwa nyuma. Mjomba akashika uma, akala. Alikula polepole, hakumtazama mtu, machozi yanashuka mpaka kidevuni na yeye anatafuna. Nyama yote. Mchele wote. Nusu ya mkate aliiacha mwisho, na alipofika hapo alisita sana, kisha akaila.

Akaanza kuinuka na sahani, kuipeleka jikoni, kama wote wafanyavyo mara ya kwanza. Noreen alikuwa ameshafika, ameunyoosha mkono na glavu yake ya waridi.

"Hapana, mzee," akamwambia. "Amri ya Delima."

Mjomba aliitazama ile glavu. "Hata leo ananiamrisha," akasema, akampa.

Sahani ile, Mama, uliitandika mara kumi na moja na mara kumi na moja hukuona ikiliwa. Mara ya kumi na mbili ilirudi jikoni ikiwa chafu. Niliiomba kwa Noreen niioshe mimi. Akanikatalia. Akaiosha yeye, nyuma na mbele, akaisuuza mara mbili, na mimi, yeye na Clifford tukasimama tukaiangalia ikijikausha.

Tulimwomba Mjomba alale kwako. Alikataa. Hakuna aliyepona kwa chakula kimoja, wala hatutaki kukudanganya kwenye gazeti. Alivuka ghuba peke yake, na tulisimama gatini mpaka hatukusikia tena injini.

Saa kumi na mbili tulikuwa jikoni kwako, mimi na Clifford, hatuwashi taa. Redio juu ya sinki ikakwaruza. Mwaka mzima haikuwa imekwaruza kwa sababu ya mtu.

"Delima," sauti ikasema. "Nimekula."

Halafu akaachia kitufe, akangoja.

Clifford alinitazama. Mimi nilimtazama yeye. Ilikuwa zamu yako kujibu, Mama. Nikasogea nikabonyeza. Sikujua niseme nini kwa sauti yangu, nikasema maneno yako.

"Bado upo?"

Ikakwaruza. Ikakwaruza tena.

"Bado nipo," akasema.

Kesho, siku utakayokuwa umetimiza mwaka, Mjomba atatutangulia kule ilikokuwa shule, nyuma ya shamba la viazi, mpaka kwenye ile miti. Anasema mmoja ulianguka, imebaki miwili. Tutabeba mkate. Tutakupelekea na wewe habari za mahali, kwa kuwa ulizitaka, na tunajua utauliza kulikuwa na upepo kiasi gani na nani alisahau kuvaa kofia.

Nilipomuuliza Mjomba kama naweza kuandika haya yote, alisema, "Andika. Delima husoma gazeti lote mpaka matangazo ya boti."

Unakumbukwa na kaka yako Isidore Petiquan. Na wanao Loretta na Clifford. Na wakwe zako Wanda na Gilbert. Na wajukuu zako Raina, Darcy na kitukuu Opal aliyezaliwa Machi na ana kidevu chako. Na rafiki yako Ernestine na wote waliorudi. Na Noreen Tupper, ambaye bado anasema wimbo ule uliukosea. Unakumbukwa pia na mdogo wako Bineshi, ambaye tunaamini ulimwona kabla yetu, na ambaye huenda amekwisha kukueleza kila kitu.

Hatuna siku ya kukusahau, Mama. Meza itatandikwa, mlango utaachwa wazi, na saa kumi na mbili tutabonyeza.